Nafasi ya Maiti

Kigwe, saa nane mchana.
Bati linaalika kwa joto kama mtu anayealisha vidole.
Vitabu vya tamthilia ni saba, wanafunzi sabini na wanne,
kwa hiyo tumetunga ya kwetu.
Tumesukuma madawati ukutani,
tumechora mlango kwa chaki sakafuni.
Atakayepita ukutani, nimewaambia, anaanza upya.

Kila mhusika amepatikana.
Mwenyekiti wa kijiji ni Hezroni,
kavaa koti la baba yake, mikono imemeza viganja.
Mlevi: walijitokeza kumi na mmoja.
Ng'ombe ni Yona na Chiduo, blanketi moja,
wakigombana nani awe nyuma.
Aliyekosekana ni maiti.

"Mwalimu, bibi kanikataza."
"Mwalimu, ukifunikwa uso, jina lako linasikika huko."
"Mwalimu, maiti hana maneno. Atapata alama ngapi?"
Hilo la mwisho sikuwa na jibu lake.
Muhtasari wa somo unataja fani na maudhui,
mandhari, lugha, wahusika;
hausemi nani atalala chini.

Foibe Malogo akanyoosha mkono.
Foibe, ambaye tangu Machi huketi dirishani,
ambaye daftari lake lina tarehe tu, tarehe, tarehe,
na chini yake hakuna kitu.
Nilijua. Darasa zima lilijua. Tukatazama chaki.
"Foibe, si lazima."
"Kulala naweza," akasema,
akatandika kanga, akalala.

Wakaanza kulia.
Loo, walilia!
Peresi alijibwaga chini kama gunia la alizeti,
Hezroni akajipiga kifua, koti likatoa vumbi,
umati ukapiga yowe mpaka Kidato cha Kwanza
wakajaa madirishani wakicheka,
nami, Mungu anisamehe, nilikuwa natoa alama kichwani:
sauti, saba; mwendo, nane.

Maiti akaketi.
"Hamlii hivyo," akasema.
"Kwanza mtu anauliza jambo dogo.
Baba aliuliza, mbuzi wamefungwa?
Shangazi akashika ufagio, na palikuwa pameshafagiliwa.
Kuna mtu alileta sukari, akakosa pa kuiweka,
akaishika tu, jioni nzima kaishika.
Kilio kinakuja baadaye, watu wakishaondoka.
Kwangu kilikuja Jumanne,
nimepakua ugali sahani nne."
Akalala tena. Akajifunika.

Ndipo ikapita treni ya mizigo.
Tuna sheria moja: ikipita, kila mtu abaki alivyo,
maana hakuna koo la mtoto linaloishinda.
Tukabaki tulivyo.
Mkono wa Hezroni hewani.
Ng'ombe kimya, miguu yote minne.
Mabehewa nilianza kuyahesabu, yakanipotea kwenye ishirini,
kwa sababu macho yalikuwa kwenye kanga ile,
inavyopanda, inavyoshuka,
inavyopanda.

Behewa la mwisho likaenda zake kuelekea Bahi.
Peresi, bila kuambiwa na mtu, akachukua ufagio wa darasa
akaanza kufagia mlango wetu wa chaki,
pole pole, kizingiti, bawaba,
mpaka pakawa hapana mlango.
Hezroni akauliza, kwa sauti ambayo haikuwa ya mwenyekiti,
"Mbuzi wamefungwa?"
Na ng'ombe, upande wa nyuma, akajibu:
"Wamefungwa."
Hakuna aliyecheka. Hata wa madirishani.

Mwalimu wa taaluma akachungulia.
"Mbona kimya hivi? Kipindi hakina mwalimu?"
Nikasema kina.

Rimu ya lori ikagongwa, nje kukawa makelele ya saa tisa.
Foibe akaikung'uta kanga mara mbili,
akaikunja pembe kwa pembe,
akaja mezani kwangu kuuliza
kama nafasi ya mlevi bado ipo,
awe wa kumi na mbili.